Teritware ya zamani ya Jadotville, ama swali la "Unatoka kwa sultani gani?"

Mtoto wa Likasi anapoandikishwa masomo, ama anapotafuta cheti cha uraia, anakutana na karatasi yenye mistari ileile: kijiji cha asili, grupema, sekta ama sheferi, teritware, provensi. Pengine amezaliwa Kikula, amesoma Panda, na hajalala hata usiku mmoja nje ya mji. Lakini mistari ile inamuomba jina la mahali ambapo labda hata baba yake hajapaona. Anarudi nyumbani kuuliza, na nyumbani wanamuuliza mzee, na mzee anataja jina la sultani fulani. Mtoto anaandika. Tangu siku ile anajua kwamba yeye "ni mtu wa" mahali fulani, na kwamba mwenzake wa darasa "ni mtu wa" mahali pengine.

Sisi tuliokusanyika katika umoja huu wa utamaduni tumejaza karatasi hizo mara nyingi. Kati yetu wako wajukuu wa watu wa Lufira na wa Basanga. Wako wajukuu wa Baluba wa Kasai na wa Lomami, ambao babu zao waliletwa kwa kazi ya shaba. Katika kitabu hiki ndugu zetu wameandika juu ya ndoa, juu ya matanga na juu ya majina. Sisi tumechagua jambo ambalo watu hawaliiti mila, ingawa linazitawala mila zetu zote: utawala wa vijiji vinavyouzunguka mji wetu, katika teritware iliyoitwa zamani Jadotville, na ambayo nafasi yake leo inashikwa na teritware ya Kambove. Tunaandika juu yake kwa sababu tunaamini kwamba swali la "Unatoka kwa sultani gani?", namna linavyoulizwa leo, halikutoka kwa wahenga peke yao. Sehemu kubwa yake ilitoka katika vitabu vya ofisi.

Tuanze na nchi yenyewe. Milima ya Likasi na ya Kambove ilijulikana na wenyeji kabla Muzungu hajafika. Basanga na jirani zao walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha katika tanuru za udongo wa kichuguu, kwa makala na mivukuto, wakaimimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Kazi hiyo ilifanyika kiangazi, kisha mavuno, maana wakati wa mvua mashimo yanajaa maji na watu wako shambani. Misalaba ile ilitembea mbali sana. Ililipa mahari, ililipa deni, ilinunua vitu vya nchi nyingine.

Katika nchi hiyo alikuwako mwenye nchi, yule ambaye kwa kisanga na kwa kiluba wanamwita mwine ntanda. Sultani mkubwa wa Basanga anaitwa Mpande, na jina hilo ni la kiti, si la mtu mmoja. Mwenye nchi hakuwa karani. Kazi yake ilikuwa kujua wafu walizikwa wapi, na kugawa mahali pa kulima. Mgeni aliyefika alimwendea na kuomba mahali. Alileta mulambo wake, akaonyeshwa pori la kufyeka. Alioa ama aliozesha, na watoto wake walikuwa watu wa pale. Wazee wanasema mpaka leo: mgeni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Methali hiyo watu wanaipokea kama onyo kwa mgeni mvivu, na ni kweli. Lakini inasema jambo la pili pia: anayepewa jembe amepewa na udongo wa kulima.

Hatusemi kwamba siku zile zilikuwa za raha tu. M'siri mwenyewe alifika katika nchi hii kama mgeni wa biashara, akitoka upande wa Unyamwezi, akapewa mahali, na mwishowe akawa bwana wa wote pale Bunkeya. Bayeke wake walitoza mulambo mkali, na watu waliuzwa utumwani. Basanga waliasi, na nchi ilikuwa katika vita wakati safari ya Stairs ilipofika Bunkeya. Tarehe 20 Desemba 1891 M'siri aliuawa kwa risasi na kapteni Bodson. Basi Basanga walijua vizuri kwamba mgeni anaweza kugeuka kuwa bwana. Hata hivyo hawakuwa na kitabu kilichosema kwamba mtu atabaki mgeni milele, yeye na wajukuu wake.

Kitabu kilikuja na serikali. Mwaka uleule wa 1891 Dola Huru ya Kongo ilitoa dekre ya kwanza juu ya masultani, ikafuatwa na nyingine mwaka 1906. Mwaka 1900 Katanga ilitiwa mikononi mwa Comité Spécial du Katanga, na mwaka 1906 ilizaliwa Union Minière. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 na Kambove mwaka 1913. Kati ya tarehe hizo mbili za reli ndipo kazi ya karatasi ilipoanza kweli.

Dekre ya tarehe 2 Mei 1910 ndiyo tunayotaka msomaji aikumbuke. Dekre hiyo iliigawa nchi yote katika masheferi. Kila mtu mweusi alihesabiwa kuwa wa usultani fulani, na kama alitaka kuhamia kwingine alihitaji karatasi ya ruhusa. Tangu hapo mtu hakuwa tena tu mtoto wa fulani, aliyepewa jembe na fulani. Alikuwa namba katika daftari la sheferi. Sultani naye alibadilika. Alivalishwa medali ya serikali shingoni, akapewa mshahara mdogo, na kwa medali ile alipewa kazi: kukusanya kodi, kutoa wanaume wa kazi, kutengeneza barabara, kupeleka habari ya magonjwa. Aliyekataa aliweza kuondolewa, na mwengine akavalishwa medali mahali pake. Ndiyo maana katika vijiji vingine wazee wanahesabu nasaba mbili: ya wenye nchi, na ya wenye medali.

Masultani wengine walikuwa wadogo mno machoni pa serikali, watu wao hawakutosha kulipia ofisi. Hapo dekre ya tarehe 5 Desemba 1933 ilitengeneza jina lingine: sekta. Masultani wadogo waliunganishwa chini ya mkubwa mmoja aliyechaguliwa na serikali, wakapewa baraza, sanduku moja la fedha na tribinali moja. Sekta haikuwa na kaburi la mwanzilishi. Lakini leo, baada ya miaka zaidi ya 90, watu wanataja jina la sekta yao kwa heshima ileile wanayotaja jina la ukoo. Desturi inaweza kuzaliwa hata ofisini, kama watu wameishi ndani yake muda mrefu. Hatulicheki jambo hilo. Tunataka tu lijulikane.

Teritware ilikuwa juu ya masheferi na masekta hayo yote. Administrateri wake alitembelea vijiji pamoja na karani, polisi na wapagazi, akihesabu watu, akitazama mashamba, akitoza kodi na kukata mashauri. Tangu ordonansi ya mwaka 1917, vijiji vililazimishwa pia kulima mazao ambayo serikali iliyataka. Sheria iliruhusu siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita ya pili ya dunia siku hizo ziliongezwa kufika 120. Mzee mmoja wa upande wa Lufira alitueleza namna baba yake alivyokuwa akisema: "Bwana administrateri akikuya, hata mbuzi banajua. Kila muntu anakimbia ku shamba, hata ule mwenye haiko na shamba."

Sasa tazama mji. Mji wa Likasi haukuzaliwa mahali patupu. Ulizaliwa katikati ya nchi ya Basanga. Mgodi ulifunguliwa, kambi za wafanyakazi zikajengwa, na mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba kwa nguvu ya umeme. Umeme wenyewe ulitoka Lufira: mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha lilianza kazi, na maji yaliyozuiliwa yakafunika bonde kubwa, yakawa ziwa la Tshangalele. Nchi iliyolimwa iligeuka kuwa maji. Tangu siku zile, mtu wa Likasi anayesema "samaki ya Kapolowe" anataja ziwa ambalo babu wa wavuvi wake walilijua kama tambarare.

Kisha ukafika mwaka 1931. Mwaka huo Likasi ilipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa kampuni. Na mwaka uleule, tarehe 23 Novemba, dekre nyingine ilianzisha senta za nje ya desturi, zile ambazo watu walizijua kwa jina la site. Jina lenyewe linasema yote: ni mahali palipo nje ya desturi. Mtu wa site hakuwa chini ya sultani. Alikuwa na mkubwa wa senta na sheria za senta. Mtu wa kijijini, hata kama kijiji chake kiliuona moshi wa Shituru kila asubuhi, alibaki mtu wa sheferi. Hivyo udongo mmoja ulikatwa vipande viwili.

Watu nao waligawanyika namna hiyo. Tangu mwaka 1910 Bourse du Travail du Katanga ilikuwa ikitafuta wanaume wa kazi kila upande. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilitaka wafanyakazi wakae miaka mingi pamoja na wake na watoto wao, na iliwatoa wengi mbali: Lomami, Kasai, Ruanda-Urundi. Watu wa vijiji vya karibu waliweza kupata fedha ya kodi kwa kuuza unga, samaki na makala bila kushuka shimoni, na wengi walichagua njia hiyo. Kwa hiyo mtoto wa mfanyakazi aliyetoka mbali alikua kando ya shule ya kambi, kando ya hospitali ya kambi. Na mtoto wa mwenye nchi alikua mbali nazo, akipita mjini na gunia la makala kichwani. Hakuna mmoja kati yao aliyechora mpaka huo. Lakini kila mmoja alijifunza kumtazama mwenzake kutoka upande wake wa mpaka.

Matunda ya jambo hilo yalionekana haraka. Desemba 1957 serikali ya kikoloni iliruhusu uchaguzi wa kwanza wa mikomuni katika miji mitatu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Kule Elisabethville, viti vya ubugumesta wa mikomuni ya Waafrika vilishikwa na watu waliotoka nje ya Katanga. Watu wengi wa Katanga walisema: tumekuwa wageni kwetu. Oktoba 1958 chama cha CONAKAT kilizaliwa, kikidai haki za wale waliojiita Wakatanga wa asili. Na tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilipojitenga, bendera yake ilibeba misalaba mitatu ya shaba, ileile iliyomiminwa na wahenga katika kalibu za udongo. Kitu kilichokuwa mahari kati ya koo na koo kiligeuka kuwa alama ya kutenganisha watu.

Kujitenga kuliisha Januari 1963. Mwaka 1966 mji ulirudishiwa jina la Likasi. Majina yaliendelea kubadilishwa: Katanga ikawa Shaba, teritware ikaitwa zone, sheferi na sekta zikaitwa kolektivite. Mwaka 1973 Mobutu alijaribu kuwahamisha masultani, kama vile wafanyakazi wa serikali wanavyohamishwa, yule wa huku apelekwe kule. Jambo hilo halikudumu, maana sultani asiye na makaburi ya wazee wake karibu nani atamsikiliza? Lakini jambo lingine la mwaka huohuo limedumu mpaka leo, na lina uzito zaidi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba udongo wote ni mali ya serikali. Juu ya ardhi ya vijiji, sheria ileile iliahidi ordonansi ya rais itakayoeleza haki za wenyeji. Ordonansi hiyo haijatolewa. Basi mwenye nchi ameachwa na nchi mdomoni tu. Kwenye karatasi hana.

Hapo ndipo tunapofika mahali pagumu. Mwaka 1992 na 1993, wakati kampuni ya shaba ilikuwa inaanguka na siasa ya nchi inachemka, watu wa Kasai walifukuzwa kutoka miji ya Katanga. Likasi ilikuwa kati ya miji iliyoteseka sana. Maelfu kwa maelfu walilala kituo cha treni, miezi na miezi, wakingojea behewa la kwenda nchi ambayo wengi wao hawakuijua. Walikuwa wamezaliwa hapa. Waliulizwa swali lile: unatoka kwa sultani gani? Na jibu waliloandikiwa katika karatasi za babu zao liliwahukumu. Kati yetu wako waliozika watoto wakati wa safari ile. Wako pia waliopeleka bukari usiku kwa jirani waliyekua naye katika lupango moja. Tunakaa leo katika chumba kimoja tukiandika kitabu kimoja, na si kwa sababu tumesahau.

Wengine watasema: hiyo ilikuwa siasa, usiitie utawala wa vijiji ndani. Tunakubali kwamba wanasiasa ndio waliowasha moto. Lakini kuni zilikuwa zimepangwa zamani. Watu waliofukuza walisema wanatetea mila; na mila waliyoitetea, ile ya kwamba kila mtu amefungwa kwa sultani wake na hawezi kuwa wa mahali pengine, haina umri mkubwa kuliko dekre ya 1910. Mila ya mwine ntanda ilikuwa na mulambo, ilikuwa na jembe, ilikuwa na ndoa. Ilikuwa na mlango.

Pengine msomaji atasema kwamba mambo haya yamepita. Hayajapita. Mwaka 1998 majina ya teritware na komuni yalirudi. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ilizipa sekta na sheferi nafasi ya kujitawala na kuwa na fedha zao, huku teritware ikibaki tawi la serikali tu. Mwaka 2015 Katanga ya zamani iligawanywa katika provensi nne, nasi tukawa wa Haut-Katanga. Mwaka 2018 kodi ya migodi ilitengenezwa upya: katika mrabaha unaolipwa na makampuni ya madini, asilimia 50 inakwenda serikali kuu, 25 provensi, 15 mji ama sekta ama sheferi ambamo mgodi unafanya kazi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 15 si jambo dogo. Kwa hiyo mipaka ile iliyochorwa na makarani wa Jadotville imekuwa na bei. Kilima kiko upande wa mji ama wa sheferi? Kijito kinachotajwa katika karatasi ya zamani ni kipi leo? Anayejua historia ya mpaka atapata shule na zahanati; asiyejua atapata vumbi la magari.

Na huku mji unakua. Familia moja kati yetu ilinunua kiwanja kando ya mji. Mkubwa wa kijiji alipokea fedha na kuku, akaonyesha mipaka mbele ya mashahidi, kwa namna ya wazee. Baada ya miaka miwili alitokea mwengine na karatasi ya ofisi kwa kiwanja kilekile. Yule wa kijiji alisema: "Mimi njo mwenye udongo." Yule wa karatasi alisema udongo ni wa serikali. Kila mmoja alikuwa na ukweli wake, na familia ilibaki katikati bila nyumba. Mambo ya namna hii yanatokea kila mwaka, na yataongezeka.

Hatutaki masultani waondolewe, wala hatutaki sheferi na sekta zifutwe. Kinyume chake: tunaomba zijulikane vizuri. Tunaomba wazee wa kila grupema waulizwe, wakingali hai, nani alikuwa mwenye nchi kabla ya medali, vijiji vilihamishwa lini kutoka wapi, mipaka ilipita mto gani na kichuguu gani. Tunaomba walimu wawaeleze watoto kwamba mistari ile ya karatasi ilichorwa na watu, katika miaka inayojulikana, kwa sababu zinazojulikana. Na tunaomba masultani wenyewe, katika mabaraza yao, waikumbuke desturi ya jembe: waseme kwa sauti kwamba mtu aliyezaliwa katika udongo huu, aliyelima humu na kuzika humu, si mgeni.

Umoja wetu utaanza na vijiji vya kando ya Lufira, mvua zikiisha na barabara ikikauka. Kama nyumbani kwako kuna kitabu cha kodi cha babu, karatasi ya ruhusa ya kuhama, ama picha ya sultani na medali yake, usiitupe wala usiiache kwa panya. Ilete tuiandike, kisha tutakurudishia.